Uso Uliokataa Kuvuliwa

Uliona. Usitikise kichwa. Ulikuwa nyuma yake kwenye foleni ya unga pale dukani, kamera ikamulika uso wake, ukanda mwekundu ukatanda kwenye kioo cha juu ambako kila mtu anaona, na muuzaji akaurudisha mfuko rafuni kimya kimya, kama mtu anayefukuza kuku bila kutaka kuamsha mtoto. Ulifanya nini? Ulitoa simu. Ukasoma hali ya hewa. Mvua ya mkoa ambao hujawahi kuukanyaga uliisoma mpaka mwisho, ili mradi macho yako yasikutane na ya mwanamke yule.

Wala hukuanza leo. Babu yako aliona jirani akisimamishwa njiani adaiwe kipande cha mkoloni, akainama kufunga kamba za viatu ilhali alikuwa pekupeku. Bibi yako aliona ng'ombe wa mwisho wa mjane akiswagwa kwa ajili ya kodi ya kichwa, akajitia kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Walianza na kichwa, wakaenda zao. Sasa wamerudi kuchukua uso, na wewe unasoma habari za mvua.

Mwanamke yule ana jina. Anaitwa Kresensia Nyoni, Mngoni wa Peramiho, mama wa binti mmoja aitwaye Sabatina, na yaliyompata yatasemwa hapa yote, uyapende usiyapende.

* * *

Wekundu aliupata kwa huruma yake. Alimdhamini wifi yake akope cherehani. Wifi akapanda basi la Tunduru na cherehani mapajani, akapotelea huko, deni likabaki. Mtambo, ule unaosoma nyuso za watu wote, haukuuliza nani kakimbia na nani kabaki. Ulitafuta uso uliokuwa karibu, ukaupaka wekundu.

Kresensia alikuwa na hesabu za haraka, sauti isiyokwaruza, na subira ya kuongea na abiria aliyeachwa na basi. Dirisha la tiketi ni kama lilijengwa likimsubiri yeye. Lakini kampuni za mabasi haziweki mwekundu dirishani. Akaomba kufagia stendi. Meneja akamwambia kwa upole kabisa kwamba hata ufagio ni mali ya kampuni.

Ndipo akaliona bango njia panda ya Makambako: HISTORIA MBAYA? NJOO NAYO.

Kliniki iliitwa Pambazuko, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Aliyempokea alikuwa Editha, msichana wa kucha ndefu, mmoja wa wale wanaokuita mpenzi kabla hawajakuuliza jina.

"Benki zote zimenikataa," Kresensia akamwambia mapema, ili kama ni kufukuzwa awahi basi la mchana.

"Benki inaangalia ulikotoka, mpenzi. Sisi tunaangalia unakokwenda."

"Nakwenda dirisha la tiketi, Iringa. Wamesema nikija na uso usio na wekundu, kazi ni yangu."

"Basi tumeshamaliza."

"Hatujamaliza. Dhamana ni nini? Sina shamba wala nyumba, na cherehani yenyewe iko Tunduru."

"Dhamana ni uso wenyewe."

"Huu?"

"Huu nani aupokee," Editha akacheka, akamgusa mkono kumtuliza. "Ule tutakaokupa. Ni maneno ya mkataba tu, dada. Wewe unadhani tutakuja na kisu?"

Kresensia naye akacheka. Hivyo ndivyo inavyofanyika, na hivyo ndivyo ilivyofanyika kwa wazee wake wote: mtu huchekeshwa kalamu ikiwa mkononi.

Ieleweke vizuri hapa, kwa sababu wanaolipwa kueleza hawaelezi. Mtambo haukujua watu. Ulijua nukta: umbali kati ya macho, mteremko wa pua, kina cha shavu, mamia kwa mamia ya nukta zilizofungwa pamoja kama fundo la wavu. Kwenye fundo hilo ndipo vilipotundikwa chumba chako, mshahara wako, dawa zako, hata siku yako ya kuzikwa. Kliniki yenye kibali ikikuotesha uso mpya, hupeleka nukta mpya, na Mtambo hukuanzisha upya, mweupe kama sahani iliyooshwa. Wenye fedha zao huchorewa uso wanaoutaka. Wenye historia mbaya hupewa kalibu ya akiba, ile iliyopo stoo, na mbegu za ngozi huoteshwa juu yake mpaka zishike mfupa.

Kalibu ya Kresensia waliiwasha ndani ya kioo cha duara. Ulikuwa uso mzuri, wa mashavu mapana, unaoonekana kama unataka kusema jambo la kuchekesha.

"Wa nani huyu?"

"Wa kompyuta. Ametungwa."

"Mbona jicho la kushoto ni dogo kuliko la kulia?"

"Ukiwa sawa pande zote utafanana na sanamu. Huo ndio uasili, mpenzi." Editha akainamia kioo chake, akaongeza kama mtu anayekumbuka chumvi, "Na usihamie Ilula. Mambo ya bima."

Kresensia hakuwa na mtu Ilula. Aliona ni sharti jepesi kuliko yote aliyowahi kupewa.

Maumivu tusiyazungumze. Bandeji zilipotoka, mlango wa kliniki ulimfungukia wenyewe, na sauti ya Mtambo ikasema, "Safari njema, Kresensia Nyoni." Alisimama pale kizingitini akalia, kwa kuwa tangu wifi aondoke hakuna mlango uliowahi kumwita kwa jina. Sabatina, aliyekuwa bweni Peramiho, alikuwa hajauona uso huo. Kresensia alipanga kumpelekea siku ya wazazi, amtokee getini, acheke atakavyoshangaa.

* * *

Majuma machache baadaye alifika Iringa, siku ya Ijumaa, akapanga chumba Kihesa. Jumamosi asubuhi alisikia vilio mtaa wa pili. Mama yake alimlea akijua kwamba mgeni hujitambulisha msibani kwanza, kabla ya dukani na kabla ya kanisani. Akajifunga khanga, akanunua kilo ya sukari, akaenda.

Turubai lilikuwa limetandwa uani. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, na upande wa jikoni sufuria tatu zikitokota. Watu walionekana wamechoka kuliko kawaida ya msiba. Jeneza lilikuwa ndani tangu alfajiri, na kulikuwa na tatizo la kibali ambalo hakuna aliyeweza kumweleza mwenzake likaeleweka.

Kresensia akaingia getini, akasema, "Poleni na msiba, mama zangu."

Mwanamke aliyekuwa akisonga ugali akamtazama. Mwiko ukabaki ndani ya ugali. Aliyekaa karibu naye akageuka, naye akanyamaza, na kimya kikapita mkeka kwa mkeka kama maji yanayopita chini ya mlango. Mtu mmoja akaanza kusali kwa sauti ndogo.

Aliyepata nguvu ya kuinuka alikuwa mwanamke mnene mwenye kilemba cheusi. Baadaye Kresensia alijua ni Dorotea, shangazi wa marehemu.

"Wewe ni nani?" shangazi Dorotea akauliza.

"Mgeni. Nimehamia mtaa wa pili jana."

"Kabila?"

"Mngoni."

Uani kukapasuka kicheko. Kicheko cha watu waliokuwa wameshika roho mkononi wakarudishiwa. Aliyekuwa akisali akasonya, akacheka kuliko wote.

"Mtani," shangazi Dorotea akasema, mkono kifuani. "Mungu akulaani, karibu unizikishe na mimi. Nani kakutuma?"

Sasa hapa asiyejua asije akadhani watu wale walikuwa wakatili. Mhehe na Mngoni ni watani, na mtani ana kazi yake msibani: huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na maneno yake, huzuia jeneza mpaka likombolewe kwa chochote, ili waliofiwa wacheke wapate pumzi ya kulia tena. Zamani alitosheka na shati na fimbo. Tangu barakoa za mwanga zilipoanza kuuzwa sokoni, mtani mwenye bidii huomba picha ya marehemu, huipakia, hubonyeza swichi nyuma ya sikio, na sura ya marehemu huelea juu ya uso wake kwa muda wa utani. Ni mwanga tu. Kidole hupita.

Ndivyo walivyodhani. Na Kresensia, ambaye hakujua walichokiona, alidhani wamefurahi tu kupata mtani.

"Wangoni mmemaliza panya wote kwenu, sasa mmetufuata huku," mwanamke wa ugali akamchokoza.

"Tumefuata harufu ya mbwa mnayempika," Kresensia akajibu, na kicheko kikaongezeka, maana mtani asiyejibu hana faida.

Wakamtupia kitenge cha marehemu mabegani. Wakamshikisha tenga. Shangazi Dorotea akaamuru, "Tembea tuone. Skola wetu alikuwa anatembea kama anaidai barabara."

Kresensia akatembea, kiuno mbele, tenga kichwani.

"Sasa uza nyanya."

"Mnataka nyanya, au mmekuja kula tu?" akaigiza, akiwazungukia wanaume. "Naona walioshika sahani ni wengi kuliko walioshika leso."

Mzee mmoja alicheka mpaka akashikiliwa. "Ni yeye," alikuwa akisema huku akifuta macho. "Ni yeye mtupu. Ilula nzima walimjua kwa maneno hayo hayo."

Neno lile, Ilula, lilimgusa Kresensia mahali, kama kijiti kinachogusa mguu gizani. Lakini wanawake walikuwa wameshamsukuma ndani, kwa mama mfiwa, naye acheke kidogo, hajala tangu juzi.

Jeneza lilikuwa katikati ya sebule. Juu yake, baina ya mishumaa, walikuwa wameegemeza picha: mashavu mapana, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, mdomo unaotaka kusema jambo la kuchekesha.

Tenga lilimtoka.

"Imetosha, mtani," shangazi Dorotea akasema nyuma yake, akiwa bado anacheka. "Umetutendea haki. Vua sasa, utamuua mama wa watu." Akapeleka kidole nyuma ya sikio la Kresensia kutafuta swichi. Akapapasa. Akapapasa sikio la pili. "Umeificha wapi?"

Kresensia hakuondoa macho kwenye picha.

Mama Skola alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha. Akapiga magoti, akauleta mkono polepole kwenye shavu la mgeni, kama watu wanavyofanya kupitisha vidole kwenye mwanga. Vidole havikupita. Viligota kwenye shavu lenye joto na machozi. Akabonyeza. Ngozi ikabonyea, ikarudi.

"Dorotea," akasema kwa sauti ya chini sana. "Hii ni nyama."

* * *

Kulikuwa na mayowe uani, na kijana mmoja akamkamata Kresensia shingoni, lakini Mama Skola akamwondoa kwa neno moja. Kisha akamwambia Kresensia, "Usiseme kitu bado. Nyamaza kidogo nikuangalie."

Akamwangalia.

"Wamekupa na kitundu cha kidevu," mama akasema mwishowe. "Aliangukia jiwe la kusagia alipokuwa mdogo. Haya, sema."

Kresensia akasema yote. Wifi, bango, kioo cha duara, uso uliotungwa na kompyuta. Alivyokuwa akisema, alisikia mwenyewe jinsi lile neno, ametungwa, lilivyo bovu.

Mama Skola naye akasema yake. Skolastika alikuwa na kovu la uji wa moto shavuni tangu utotoni, na alitaka aolewe bila kovu. Ndiyo dhambi yake hiyo. Benki zilimkataa kwa sababu ya deni la mbolea ya msimu mmoja. Pambazuko wakamkubali. Wakaunakili uso wake kila upande, wakautoa ule wekundu, wakalitoa kovu, kazi nzuri, hakuna wa kuwasema. Kisha nyanya za Ilula zikaozea shambani na marejesho yakakatika. Hakuna aliyekuja na kisu. Siku moja tu mlango wa chumba chake ukakataa. Akarudi kwa mama yake, Kihesa, wakadhani ni hitilafu.

"Alikuwa na sukari," mama akasema. "Sindano zake zinatoka kwenye kabati la zahanati, unaonyesha uso, linafunguka. Tulikwenda. Kabati likamkaribisha kwa adabu zote, kwa jina la mtu mwingine, likamwambia hana dawa ya kuchukua. Nesi akasema mtandao unasumbua, tujaribu kesho. Kesho tukajaribu. Nikambeba mgongoni siku ya mwisho, likamkaribisha tena. Skola akacheka. Akasema, mama, huyu dada anapendwa."

"Jina gani?" Kresensia akauliza, ijapokuwa alijua.

"Sikulishika. Nilikuwa nimembeba mtoto."

Aliyelitaja alikuwa mtendaji wa mtaa, Bwana Nyenza, aliyekuwa amesimama mlangoni na kishikwambi chake tangu vurugu ianze. Asubuhi nzima alikuwa akikipitisha juu ya uso wa marehemu ili apate kibali cha maziko, na asubuhi nzima kilimpa jibu moja, akaona aibu kulisema. Sasa akalisoma kwa sauti: "Kresensia Nyoni. Hai. Mwajiriwa. Hakuna kibali."

Kwa Mtambo, Skolastika Kihwele hakuwa amekufa. Aliyekuwemo jenezani hakuwa mtu. Alikuwa uso wa mwanamke mwingine aliyelala. Na mtu aliye hai hazikwi.

Shangazi Dorotea akaleta beseni la rambirambi, akaliweka miguuni pa Kresensia. Alishika desturi, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kushika. "Mtani akichukua kitu cha msiba, hukombolewa," akasema. "Tunakukomboa. Chukua zote. Turudishie mtu wetu tukazike."

"Shangazi," Kresensia akasema, "sina pa kuvulia."

* * *

Akatoka nje, nyuma ya choo, akampigia Editha.

"Mpenzi, habari ya kazi mpya?"

"Nipo msibani kwa mwenye uso."

Zikasikika kucha zikigonga meza. "Tulikuambia usihamie Ilula."

"Hapa si Ilula. Alihamia kwa mama yake."

"Basi hapo kosa si letu."

Hivyo ndivyo alivyosema. Hakusema pole. Hakuuliza nani amekufa. Kresensia aliitoa simu sikioni akaiangalia, kama mtu aliyeng'atwa na kijiko.

"Alikwenda kuchukua dawa," akasema. "Kabati likamwita mimi."

"Alishindwa marejesho, dhamana ikahamishwa kihalali. Hakuna aliyemgusa hata unywele. Angejiandikisha upya."

"Kwa uso upi?"

"Dada Kresensia, nakushauri kama ndugu. Najua mtendaji atakuonyesha kile kitufe. Usikibonyeze."

Kitufe kilikuwepo kweli. Kiliwekwa kwa ajili ya mapacha, maana hapo mwanzo Mtambo uliwachanganya, ukamlipa Kulwa mshahara wa Doto. Mmoja husimama mbele ya kamera, hutamka kwamba uso huu si wangu, na uso hubaki kwa mwenzake. Aliyeukana huandikishwa upya kwa uso wake mwenyewe. Kresensia hakuwa na uso wake mwenyewe. Ule wa zamani waliukwangua mpaka kwenye mfupa, na mwingine hakuna. Akibonyeza, angekuwa asiyesomeka.

Wasiosomeka unawajua. Ndio wale wanaokaa nyuma ya stendi, wanaouziana viazi kwa kubadilishana, ambao watoto wao wamefundishwa kutosimama mbele ya mlango wowote. Chumba kingemkataa jioni hiyo hiyo. Dirisha la tiketi lingepewa mwingine. Na bweni la Peramiho lina kamera getini: siku ya wazazi Sabatina angemwona mama yake kwa mbali, ng'ambo ya nondo, kwa sura asiyoijua, wala asingejua kwamba ndiye.

"Mkopo unabaki palepale," Editha alikuwa akisema. "Utadaiwa hata bila uso. Na huyo keshakufa, mpenzi. Kumbuka una mtoto."

"Yeye alikuwa nani? Si mtoto?"

Akakata simu.

Lakini hakuingia ndani. Aseme nani kwamba alikimbilia kamera kama shujaa? Alikaa nyuma ya choo kile mpaka khanga ikalowa unyevu wa ukuta. Aliwaza kuondoka. Geti lilikuwa wazi, na mtaa wa pili kulikuwa na mlango uliojua jina lake. Wangemlazimisha vipi? Alijisemea kwamba hakuua. Alijisemea kwamba yeye naye aliibiwa. Yote yalikuwa kweli, na chini ya hiyo kweli ilikaa nyingine: kila asubuhi aliyosukuma mlango ukamwitikia, kuna kabati mahali fulani lilikuwa likimfukuza mwanamke mwenye sukari. Furaha yake ile ya kizingitini ndiyo iliyokuwa njaa ya mwenzake.

Alipoingia, Mama Skola hakumwomba. Hilo ndilo lililommaliza. Alikuwa amempakulia ugali.

"Kula," mama akasema. "Sura yako haijala tangu asubuhi."

Kresensia akala tonge moja. Kisha akasimama mbele ya Bwana Nyenza.

"Dada," mtendaji akamwambia, na macho yake yalikuwa mekundu, "mimi nina uwezo wa kufungua hiki kitufe. Kukirudisha sina."

"Nimesikia. Inua hicho kitu."

Akainua. Kamera ikamkaribisha kwa jina.

"Uso huu si wangu," Kresensia akasema. "Ni wa Skolastika Kihwele, binti wa huyu mama. Amekufa kwa kukosa dawa iliyokuwepo kabatini. Kakopa ili aolewe. Mimi nilikopa ili nifanye kazi. Andika yote."

Mtambo haukuandika yote. Uliandika sentensi ya kwanza. Lakini watu waliokuwa sebuleni walisikia yote, na kishikwambi kikatoa mlio, na kibali kikatoka.

* * *

Walifika makaburi ya Kihesa adhuhuri. Lango ni la chuma, lina jicho juu, huhesabu waombolezaji mmoja mmoja. Jeneza likapita, na Skolastika akaitwa kwa jina lake kwa mara ya kwanza tangu nyanya zioze. Shangazi akapita. Padre akapita. Kresensia alipokanyaga mstari, lango likalia, likaanza kufunga.

"Uso haujulikani," likasema.

Mama Skola, aliyekuwa amekwisha kuingia, akageuka. Akarudi. Akasimama katikati ya lango, mgongo kwenye chuma. Lango likamgusa bega, likasita, kwa sababu limetengenezwa lisibane mtu linayemtambua. Likarudi nyuma. Likajaribu tena, likarudi.

"Pita," akamwambia Kresensia. "Kamwekee udongo."

"Mama, ni wewe wa kumwekea."

"Nikitoka hapa litafunga. Pita, mwanangu."

Kwa hiyo aliyemwekea Skolastika udongo wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye uso wa Skolastika, na mama alitazama kwa mbali, bega lake likipigwa na chuma, asiweze kusogea.

Walipomaliza kuzika, Mama Skola alikuwa bado amesimama. Maana habari za mama aliyezuia lango zilikuwa zimeenea kabla ya watu kurudi nyumbani. Kulikuja gari dogo kutoka Mafinga, na jeneza nyuma. Kukaja lingine kutoka Ilula. Kukaja mzee mmoja na mkokoteni, na juu yake mkewe amefungwa blanketi, aliyekataliwa kibali tangu wiki iliyopita, uso wake uko mahali fulani unauza vocha au unapokea wageni hotelini. Wote walitaka jambo moja tu, wapite pale mama yule aliposimama. Kresensia akashika mkokoteni kwa mbele, akauvuta.

Jua linazama sasa. Kampuni yenye Mtambo imetuma mafundi kulirekebisha lango libane hata wenye nyuso zinazojulikana. Mama Skola ana magoti mabovu, shangazi Dorotea amempokea mara mbili na pumzi zimemwishia, na Kresensia hawezi kuwapokea, kwa kuwa lango halimwoni. Linahitaji mtu ambaye Mtambo unamjua. Mtu mweupe, asiye na deni, ambaye milango bado inamwitikia.

Yaani wewe. Weka chini hiki unachosoma. Vaa viatu, mwite na wa nyumba ya pili, mje Kihesa msimame langoni kabla mafundi hawajafika. Ondoka sasa.